Posa, Mahari, na Sasa Viza

Arusi za pwani tangu hapo zina mambo mengi. Kuna posa na jibu la posa, kuna mahari na kilemba cha baba, kuna sanduku, kuna kesha na hina na vugo, na siku ya nikahi yenyewe kuna khutba, halua na kahawa. Lakini ukiyaondoa yote hayo, ukabakisha lile tu linalotakiwa na sheria ya dini, utaona kwamba nikahi ni jambo jepesi sana. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tulifundishwa chuoni, tungali watoto, kwamba nguzo zake ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili waadilifu, na tamko lenyewe, yaani ijabu na kabuli. Walii aseme nimekuoza, mume aseme nimekubali. Maneno hayo hayatimizi hata dakika moja, na yakishatamkwa, wale wawili ni mtu na mkewe.

Siku hizi imezuka nguzo ya sita ambayo haimo vitabuni, nayo ni viza. Mabibi zetu wakongwe hulitamka neno hilo "visa", na mimi siwasahihishi. Katika Kiswahili chetu visa ni mikasa na vituko, na yeyote aliyepata kumhangaikia mke au mume apewe ruhusa ya kuingia nchi ya watu atakwambia kwamba vikongwe hao hawakukosea hata kidogo.

Si kwamba kuoana na watu wa ng'ambo ni jambo geni kwetu. Pwani hii imejengwa na ndoa za namna hiyo. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Hadharamauti, Maskati na Ghuba, nayo yakangoja hapa mpaka kusi iyarudishe kwao. Na katika miezi hiyo ya kungoja watu walioa Lamu, wakaoa Malindi na Mombasa, na wengi wao hawakurudi tena. Yatazame majina ya koo zetu, utauona ushahidi wenyewe. Wazee walimuuliza mgeni nasaba yake, dini yake na tabia zake, basi. Hapana aliyemuuliza karatasi.

Sasa mambo yamegeuka. Watoto wa pwani ndio walioko London, Toronto, Dubai na Maskati, nao wakitaka kuoa hurudi mitaa ya wazazi wao. Kila nchi ina mlango wake na bawabu wake. Kule Oman, ambako wengi wetu tuna jamaa, amri ya mwaka 1993 ilimtaka raia apate kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani kabla ya kuoana na mgeni. Amri hiyo ilidumu miaka 30, mpaka Sultan Haitham alipotoa amri nyengine mwezi wa Aprili 2023 akaliondoa sharti hilo, isipokuwa kwa wenye nyadhifa fulani. Na sisi Wakenya tusijione tu wema kupita wengine. Kabla ya katiba ya mwaka 2010, mwanamume wa Kenya akioa mgeni, mkewe aliweza kuandikishwa kuwa raia. Lakini mwanamke wa Kenya akiolewa na Mzanzibari au Myemeni, mumewe hakuwa na haki hiyo. Ni katiba hiyo ya 2010 iliyowasawazisha, ikasema aliyeoana na raia kwa muda wa miaka saba aweza kuomba uraia, awe mume, awe mke.

Mimi nitazungumza zaidi juu ya Uingereza, kwa sababu mlango wa nchi hiyo nimeutazama kwa karibu.

Jirani yangu mmoja hapa Mji wa Kale alimuoza bintiye katika Mfungo Mosi wa mwaka 2024. Kijana mwenyewe amezaliwa London, lakini wazazi wake ni watu wa Mombasa, na bibi yake na bibi wa bi arusi ni watu wa ukoo mmoja. Alikuja kwa wiki tatu, nikahi ikasomwa, fungate ikakaliwa, kisha akarudi kazini. Mke akabaki kwao akingoja kuitwa.

Sasa sikiliza jinsi bahati ilivyokwenda. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza iliweka sharti kwamba anayetaka kumwita mkewe au mumewe kutoka nje awe na pato lisilopungua pauni 18,600 kwa mwaka. Mwezi wa Disemba 2023 wakatangaza kwamba kiwango hicho kitapandishwa, na kuanzia tarehe 11 Aprili 2024 kikawa pauni 29,000. Idi yetu ya mwaka ule ilikuwa tarehe 10 Aprili. Sisi watu wa pwani, kama ujuavyo, hatuozi katika Ramadhani. Tunangoja Mfungo Mosi. Basi wakati wenzetu wa mataifa mengine wanakimbilia kutia maombi yao chini ya kanuni ya zamani, familia hii ilikuwa imefunga, inahesabu siku za Idi na kushona nguo za arusi. Mlango ulifungwa siku moja baada ya sikukuu.

Kijana yule anafanya kazi katika ghala la bidhaa, na mshahara wake ulikuwa pauni 24,500. Kwa kanuni ya zamani alikuwa amefaulu na ziada. Kwa kanuni mpya alipungukiwa pauni 4,500, na hapo ndipo familia zote mbili zilipoanza kuuliza maswali ambayo, kwa maoni yangu, yangeulizwa siku ya posa.

Babake bi arusi, mtu mwenye duka lake, alisema yeye atajaza pengo hilo. Akaambiwa haiwezekani, ahadi ya baba mkwe haihesabiwi kuwa pato la mume. Bi arusi ni mwalimu wa shule ya chekechea, akauliza kama mshahara wake utajumlishwa. Akaambiwa mshahara wa mwombaji aliye nje ya Uingereza hauhesabiwi. Akiba ya benki yahesabiwa, lakini hesabu yake yatisha: asiye na pato kabisa atakiwa awe na pauni 88,500, nazo ziwe zimekaa katika hesabu yake miezi sita. Wanaosalimika na kiwango hicho ni wale wanaopewa msaada fulani wa serikali kwa sababu ya ulemavu au kwa kuuguza mtu. Hao hupimwa kwa kipimo chengine. Mambo haya yalifikishwa hata mbele ya Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza, na mwezi wa Februari 2017 majaji wakasema kuweka kiwango cha pato si kuvunja sheria, ingawa waliitaka serikali iangalie zaidi maslahi ya watoto na fedha zinazotoka njia nyengine.

Hapakuwa na la kufanya ila kijana atafute kazi ya pili. Akapata ya kusafisha maafisi usiku. Nayo haikutosha kuipata tu. Ilimbidi aifanye miezi sita, kila mwezi uwe na hati yake ya mshahara, na kila hati ilingane na fedha zilizoingia benki, senti kwa senti. Kwa hivyo mwezi wa Juni mpaka Disemba mume alikuwa akisafisha sakafu London, na mke akihesabu miezi Mombasa.

Katika kungoja huko ndipo mamake bi arusi aliponijia, baada ya alasiri, na bahasha mkononi.

"Kaka," akaniambia, "wewe ni mtu wa mashairi. Tuandikie barua ya mapenzi, lakini iwe ya kiserikali."

Nilicheka, naye hakucheka. Mtu anayeomba viza ya mke hutakiwa aonyeshe kwamba ndoa yake ni ya kweli na ingali hai, na katika kuonyesha huko watu huandika maelezo: walijuanaje, walionana lini, wanazungumza mara ngapi, wanatarajia kuishi vipi. Hapa ndipo penye uzito wa habari yote hii, kwani fedha ni fedha, ukiwa nazo unazo. Lakini huku kueleza mapenzi mbele ya afisa usiyemjua ni jambo lililogongana na malezi yetu uso kwa uso.

Tulisoma chuoni kwamba mwari akiulizwa na walii wake kuhusu posa, naye akanyamaza, kimya chake chahesabiwa kuwa ni ridhaa. Fakihi aliyekubali hukumu hiyo alijua haya ya mwanamke ni nini. Sasa yule yule mwari ambaye jana kimya chake kilitosha kwa kadhi, leo aambiwa azungumze, aandike, atoe picha, aonyeshe maneno aliyoambiwa na mumewe usiku. Na asiponena, kimya chake hakitasomwa kuwa ridhaa. Kitasomwa kuwa hana la kusema, na pengine hana mume.

Zitazame picha peke yake. Kanuni haikusema lazima ziwepo, lakini hakuna wakili atakayekushauri uziache. Nyumba hii ilikuwa nazo ngapi? Kabla ya nikahi hapana hata moja, na sababu yake ni heshima. Siku ya kutolewa bi arusi nje, simu za wanawake zilikusanywa mlangoni, kama ifanywavyo siku hizi katika arusi nyingi za Mombasa, ili picha za wake za watu zisije zikatangaa. Mpiga picha wa kike aliyeruhusiwa alipiga picha nzuri mno, bi arusi amepambwa, kichwa wazi, vikuba na asumini vimemjaa. Mamake akaapa kwamba picha hizo haziendi kutazamwa na mwanamume yeyote wa afisini, hata kama bintiye atakaa Mombasa mpaka azeeke.

Watu wa nyumbani waligawanyika. Ndugu wa kiume alisema dharura ina hukumu yake. Tukaenda kwa sheikh mmoja wa mtaani, mtu mpole, naye akatuuliza swali moja tu: "Je, hao wametaka kichwa wazi?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hawakutaka. Picha ya mume na mke waliovaa nguo zao za kawaida ni picha vile vile. Zikatafutwa zile zilizopigwa Mama Ngina wakati wa fungate, mke na buibui lake, mume na kanzu, wifi yuko kando anakula mihogo ya kukaanga. Ikatiwa na picha ya wazee wanaume msikitini siku ya nikahi, walii na mume wameshikana mikono. Hiyo ndiyo iliyokuwa na maana kuliko zote, na lau si mimi kuuliza isingekumbukwa.

Kisha maneno ya simu. Mawakala wa mitaani, wale wanaojaza watu fomu, humwambia mtu achape mazungumzo yake yote, kurasa mia na zaidi. Bi arusi alipoambiwa hivyo aliingia chumbani asitoke mpaka magharibi. Na mimi naona alikuwa na haki. Siri ya mume na mke ni amana, dini imekataza kuitangaza, wala hapana kanuni ya Uingereza niliyoisoma inayomlazimisha mtu kuitoa. Kinachotafutwa ni dalili ya kwamba watu wawili wanawasiliana kama mtu na mkewe. Basi tuliiacha mazungumzo, tukachapa orodha ya simu: tarehe, saa, na dakika walizozungumza. Tukaongeza risiti za fedha alizomtumia mkewe kila mwezi, tiketi yake ya ndege, na mihuri ya pasipoti yake.

Orodha hiyo ilisema mambo ambayo mtunzi hangeweza kuyasema. Katika mwezi wa Juni na Julai simu nyingi zilikuwa saa saba ya usiku kwa saa za hapa. Nikamuuliza binti, mwanangu, mbona usiku hivi? Akanijibu kwa sauti ndogo: "Ami, huko kiangazi isha huchelewa mpaka saa tano. Husali kwanza, ndipo anapiga." Yeye alikuwa akikaa macho kila siku akingoja isha ya London.

Nikamwambia aiandike habari hiyo vivyo hivyo. Barua mimi sikumwandikia. Nimetunga mashairi ya arusi za watu tangu nikiwa kijana, na najua kumsifu bi arusi kwa mwezi na lulu na wimbi la bahari. Lakini sifa hizo ni za kila bi arusi, na afisa anayesoma barua za watu wengi atazijua kuwa ni nguo ya kuazima. Binti alikaa juma zima, akaleta karatasi tatu kwa mkono wake. Ndani yake mlikuwa na isha ya London, na jina la ugonjwa wa sukari wa mama mkwe wake, na ugomvi mdogo waliougombana juu ya chumba watakachokaa. Sikubadilisha ila tahajia.

Waingereza wana historia yao katika jambo hili la kutafuta ukweli wa ndoa, nayo si nzuri, na wasomaji wetu vijana wafaa kuijua. Mwezi wa Januari 1979 mwanamke mmoja mwalimu wa Kihindi, mwenye umri wa miaka 35, alifika uwanja wa ndege wa Heathrow akienda kuolewa. Maafisa hawakuyasadiki maneno yake. Akapimwa mwilini kuangaliwa kama ni bikira. Gazeti la The Guardian likaifichua habari hiyo mwanzo wa Februari, dunia ikapiga kelele, na upimaji huo ukakatazwa. Baadaye katika miaka ya 1980 kukawa na kanuni ya kwamba mwombaji athibitishe kuwa hakuoana kwa nia kubwa ya kuingia Uingereza. Vipi mtu atathibitisha asichokinuia? Kanuni hiyo iliwatenga watu na wake zao na waume zao mpaka ilipofutwa mwaka 1997. Na mwaka 1985 wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza waliishinda serikali katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, kwa sababu mwanamume aliruhusiwa kumleta mkewe, lakini mwanamke akazuiliwa kumleta mumewe. Serikali iliitii hukumu kwa namna ya ajabu: haikuwafungulia wanaume mlango, bali iliwabania wanawake pia, wakawa sawa katika taabu.

Turudi katika bahasha. Cheti cha ndoa ndicho msingi, na hapo watu wetu hujikwaa bure. Wengine hufikiri ile karatasi ya msikitini, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kutiwa sahihi na imamu, inatosha. Dini inatosha, serikali haitoshi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yataka nikahi isomwe na kadhi, sheikh au imamu aliyepewa idhini, kisha iandikishwe, na cheti cha kuandikishwa ndicho kitakachotambuliwa ng'ambo. Na hati yoyote isiyokuwa ya Kiingereza yapaswa ifuatane na tafsiri ya mtu anayejulikana jina na anwani.

Nikahi ya huko Uingereza kwenyewe ina hatari kubwa zaidi. Mwaka 1998 mume na mke walisomewa nikahi katika mkahawa Southall, London, wakakaa pamoja miaka mingi wakazaa watoto, lakini hawakwenda kujiandikisha serikalini. Walipotaka kuachana, Mahakama ya Rufani ikahukumu mwezi wa Februari 2020 kwamba mbele ya sheria ya England ile haikuwa ndoa hata ya kubatilishwa. Kwa hivyo mzazi wa pwani akiambiwa, "Tumpeleke binti kwa matembezi, nikahi tutaisoma huko huko nyumbani," na ashike kilemba chake kwanza.

Liko pia suala la wakili. Sharia yetu yamruhusu mume aliye mbali kuweka wakili akamkubalia nikahi, na wako walioana hivyo. Lakini kanuni za Uingereza zasema mume na mke wawe wamepata kuonana ana kwa ana, na wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Na mabwana wanaotaka mke wa pili wajue kwamba nchi ile haimpi viza mke wa mitala wakati mwenzake yuko huko au alishaingia kwa haki ya mume huyo huyo. Hilo limo katika sheria yao ya mwaka 1988, wala halina mjadala.

Majina yalitukalisha siku mbili nzima. Kitambulisho kilisema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhamad, na kadhi aliandika Muhammad kama ilivyo sawa. Binti ana jina lake, la babake na la babu, na hakuna siku atakayojiita kwa jina la mumewe, kwani kwetu mke hubaki na nasaba yake. Ikabidi iandikwe karatasi ya kiapo kueleza kwamba watu hao watatu ni mtu mmoja. Nakushauri, msomaji, uyasawazishe majina ya mwanao kabla hajaposwa.

Mengine yalipita. Alipimwa kifua kikuu Nairobi, kwa kuwa Kenya imo katika nchi zinazotakiwa kupimwa, na cheti chake hudumu miezi sita. Akafanya mtihani wa kusema na kusikia Kiingereza wa daraja ya mwanzo kabisa, ingawa masomo yake yote ya sekondari aliyasoma kwa lugha hiyo. Cheti cha sekondari hakikubaliwi, hukubaliwa digrii. Akaulizwa mambo ya ununuzi wa mboga, akajibu, akarudi akicheka.

Ada je? Alipotia maombi mwezi wa Januari 2025, ada ya viza ilikuwa pauni 1,846, na juu yake mchango wa matibabu pauni 3,105. Jumla pauni 4,951, yaani zaidi ya shilingi 750,000 za Kenya kwa kiwango cha wakati ule. Mahari yake yalikuwa hayafiki robo ya hizo. Mwezi wa Aprili mwaka huo ada ikapanda tena, ikawa pauni 1,938. Ombi likikataliwa, mchango wa matibabu hurudishwa, ada hairudi. Anayekataliwa ana siku 28 za kukata rufani akiwa nje.

Viza yake ilitoka katika Ramadhani ya mwaka 2025. Ni ya miezi 33, kisha ataomba nyengine ya miezi 30, na ndipo, ikitimia miaka mitano, ataweza kuomba ukazi wa kudumu. Kabla ya mwaka 2012 muda huo ulikuwa miaka miwili tu, na kabla ya 2003 ulikuwa mwaka mmoja. Miaka mitano ni mirefu kwa mtoto wa watu aliye mikononi mwa mume, hana ukazi wake mwenyewe, wala haruhusiwi kupokea msaada wa serikali. Ndiyo maana nilimwita mamake kando nikamweleza jambo ambalo wachuuzi wa fomu hawalisemi: tangu mwaka 2002 kanuni zinamruhusu mke aliyeingia kwa viza ya mume, akiteswa au akipigwa na mumewe, kuomba ukazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe. Hafungwi na ndoa ya mateso kwa hofu ya kurudishwa. Mama hakupenda kulisikia wiki ya safari, lakini aliliandika.

Habari hizi zilizunguka mtaa mzima, na zimeanza kubadilisha mambo. Katika Mfungo Mosi wa mwaka 2025 nilialikwa kwenye posa ya nyumba nyengine, na mposaji naye ni kijana wa Uingereza. Tambuu zilipopita na nasaba zikaelezwa, mzee wa upande wa mke akakohoa, akauliza: "Mshahara wa kijana ni pauni ngapi, na ameushika kwa miezi mingapi?"

Ami yake kijana alikasirika. "Sisi hatukuja kuomba mkopo wa benki, bwana."

"Najua," mzee akamjibu. "Na sisi hatutaki binti yetu akae mke wa simu miaka miwili."

Wakaomba juma moja. Waliporudi walileta hati za mshahara ndani ya bahasha, zimewekwa juu ya sinia ya halua. Wazee wakavaa miwani wakasoma. Kijana alikuwa amepungukiwa pauni 1,600 kwa mwaka, na alikuwa ameahidiwa nyongeza. Ikaafikiwa kwamba nikahi isiwe Mfungo Pili kama walivyotaka, iwe Mfungo Sita, mwezi wa maulidi. Khabari ikapelekwa ndani kwa bi arusi, na wote tulitazamia, kama ada, kwamba atanyamaza.

Hakunyamaza. Alimtuma nduguye mdogo aje aulize: hiyo nyongeza ikianza, miezi sita ya hati itahesabiwa kuanzia siku ile, au hizi za nyuma zitaingia? Hapana mzee aliyekuwa na jibu. Wakampigia kijana simu pale pale, naye alikuwa kazini.